Tulipokwenda Mwanza Kuangalia Tu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitwanga iliki jikoni, na harufu ile ikanifuata mpaka barazani nilikokuwa nimekaa nikichambua mchele. Niliweka ungo chini, nikafumba macho, na kwa kitambo nikawa nimelala tena kwenye mkeka wa Bibi Zuhura kule Mwanza, alfajiri, mafuta ya vitumbua yakilia kwenye kikaango, na mimi mtoto wa miaka sita au saba nikiamini kabisa kwamba siku hiyo ndiyo tutakayompata mdogo wangu Mhoja.

Wenzangu wa rika langu mnajua kwamba kule kwetu, enzi za Mwingereza, watu hawakuwa na desturi ya kusafiri kwa ajili ya kutazama. Mtu alisafiri kwenda msibani, au kwenye harusi, au kwa mganga, au kufuata ng'ombe waliopotea, au kwa sababu ameitwa bomani na hana la kufanya. Sisi tulitoka Rwamgasa, upande wa Geita, kwa miguu, baba na mama na mimi, tukaenda Mwanza kuangalia mji. Majirani walipopata habari walikuja kutuuliza nani anaumwa.

Baba alizaliwa upande wa Shinyanga, nchi ya mbuga na mifugo, ambako mtoto huyaona maji mengi wakati wa masika tu. Alikuja Geita akifuata machimbo kama vijana wengi wa wakati ule, na alikuwa akichimba dhahabu kwa Mzungu mmoja, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani kwetu. Mama alikuwa Mzinza wa kisiwa cha Kome. Babu yangu wa kisiwani, mvuvi, hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akamfundisha binti yake mkubwa kupiga kafi na kutandaza nyavu, na watu waliocheka aliwaacha wacheke. Baba na mama walikutana gulioni pwani ya ziwa, mmoja akiuza samaki wakavu, mwingine akinunua. Huyu hakujua Kizinza, yule hakujua Kisukuma, wakachumbiana kwa Kiswahili kibovu, na Kiswahili hicho kikabaki nyumbani kwetu hata baada ya mama kujua Kisukuma kuliko shangazi zangu. Ndicho nilichonyonya mimi.

Mhoja alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Alikuwa na desturi ya kunikamata sikio na kulivuta kwa nguvu zake zote, kisha anacheka. Akapata homa. Siku ya tatu ya homa hiyo bibi, mama yake baba, alinichukua akanipeleka kwa jirani, nikalala huko siku mbili. Niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa mno, na Mhoja hakuwamo.

"Mhoja yuko wapi?" nikamuuliza bibi.

"Amekwenda safari, ng'wanone, mwanangu. Ng'ambo ya maji."

Niliyapokea maneno yale kama yalivyosemwa. Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni nani aliyembeba, maana alikuwa hajui kutembea.

Baba alifika siku moja baadaye. Mama hakumsalimu. Tangu hapo alisema naye maneno ya lazima tu: chakula hiki hapa, maji ya kuoga haya, mbuzi amekata kamba. Baba hakurudi machimboni upesi. Alikuwa akishinda nyumbani, akikarabati uzio ambao haukuwa na ubaya, na macho yake yakimfuata mama kila aendako.

Jioni moja, mama akichekecha unga, baba alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Mama Kabula, umewahi kuuona mji wa Mwanza?"

"Sijauona."

"Nikupeleke?"

"Tukafanye nini?"

"Tukaangalie."

"Tukaangalie nini?"

"Maji. Meli. Nyumba za watu. Tukaangalie tu."

Mama aliendelea kuchekecha mpaka unga ukaisha. Kisha akasema, "Nipeleke." Baba alipotoka, bibi akanong'ona, kama anauambia moto, "Huyu akishayaona maji hatarudi." Nilidhani anamsema Mhoja. Nikaona moyoni, kumbe ni kuzuri huko alikokwenda, hata wanaogopa atakataa kurudi. Na nilipomwona mama anafunga mzigo, nguo zake zote, shanga zake, chungu chake kidogo, na katikati ya vyote ile mbeleko ya Mhoja, sikuwa na haja ya kuuliza tena. Tunakwenda kumchukua. Waliona haya tu kuniambia, kwa sababu alikuwa amewatoroka.

Tulitembea siku nne. Mvua za masika zilikuwa zinaelekea mwisho na njia ilikuwa nyekundu, inanata miguuni. Chakula tulikibeba wenyewe, michembe ya viazi vikavu na karanga za kukaanga, na kila jioni baba alibisha hodi kwenye kaya ya watu asiowajua, akataja ukoo wake, na baada ya maneno machache tunaonyeshwa pa kulala. Hatukununua kitu chochote njiani. Siku ya tatu tulifika Busisi, na hapo kwa mara ya kwanza nikayaona maji ambayo hayana mwisho mbele yake. Tulivushwa na mtumbwi mkubwa pamoja na watu wengine na mbuzi wao. Baba alifumba macho tangu tulipoondoka mpaka tulipogusa mchanga wa upande wa pili. Mama yeye aliingiza mkono majini, akanawa uso, akanywa, akanawa tena. Sikuwa nimemwona akifanya kitu polepole namna ile.

Sasa niwaambie Mwanza ilivyokuwa. Nimeiona mara nyingi baada ya hapo, imekuwa kubwa, lakini ile ya kwanza haijaondoka machoni. Kilichonishangaza kwanza ni mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mawe mengine, na mengine yamesimama ndani ya ziwa, jiwe juu ya jiwe, na ndege weupe wamejipanga juu kabisa. Nikauliza nani aliyeyapanga. Baba akasema Mungu. Nikauliza aliyapanga kwa nini. Baba akafikiri, akasema, "Ili watu waangalie." Na maji yalikuwa kila mahali. Ukipita kichochoro unayaona, ukipanda kilima unayaona, na katikati ya mji ulipita mto mdogo, Mirongo, ambao masika yalikuwa yameujaza hadi karibu na kuta za nyuma za maduka. Watu wa mji waliuvuka kwa daraja bila hata kutazama chini, na mimi nilisimama pale darajani mpaka nikavutwa mkono.

Tulifikia kwa Bibi Zuhura. Alikuwa mama wa Kimanyema, mjane, mpana wa mwili na wa maneno, aliyekuwa akikaanga vitumbua na kuwauzia wachukuzi wa bandarini. Mtoto wa dada yake alichimba pamoja na baba, na ndiye aliyetuelekeza kwake. Mama alipiga goti akaamkia, "Shikamoo mama," na Bibi Zuhura akaitika "Marahaba mwanangu," akamtazama usoni muda mrefu, kisha akatandika mkeka barazani bila kuuliza kitu.

Ila baba alipotaka kusema habari ya malipo alimkatiza. "Wewe si mchimbaji? Choo changu kimejaa. Nichimbie kingine, mkae mpaka mchoke na mji."

Basi kila asubuhi baba alichimba choo cha Bibi Zuhura, na kila alasiri tulitoka kuangalia mji. Alichimba shimo limenyooka kuta zake kama limekatwa kwa kisu, na majirani wakawa wanakuja kulitazama. Bibi Zuhura alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akampigia kelele, "Ukikuta dhahabu humo, baba, nusu yangu!" Mama alitabasamu. Niliona, na baba naye aliona kutoka chini ya shimo, maana aliacha kuchimba.

Tuliangalia kila kitu. Tulikwenda stesheni kuliona gari moshi likiingia, na baba akatuambia kwamba limepita Shinyanga, karibu na kwao, akalitazama kama mtu aliyeletewa salamu. Liliposimama na kupumua nilijificha ndani ya kanga ya mama, kisha nikatoka kuwakagua abiria wanaoshuka, mmoja mmoja, hasa wenye watoto mgongoni. Tulikwenda bandarini kuiona meli nyeupe, na mizigo ikipandishwa kwa minyororo, na wachukuzi wakiimba. Tulipita mtaa wa Wahindi, ambako vitambaa vilining'inia mlangoni kwa kila rangi. Mwenye duka mmoja alituita. Baba akasema kwa adabu, "Tunaangalia tu, bwana." Yule Mhindi, mzee mwenye miwani, akakunjua jora zima la hariri juu ya meza. "Angalia, mama. Shika. Kuangalia bure." Mama alifuta mkono wake kwenye nguo kwanza, ndipo akakigusa kile kitambaa, akakipitisha katikati ya vidole viwili. Tukashukuru, tukaondoka. Baba alitembea kifua mbele mtaa mzima, kama vile amekinunua.

Kila nilipopenda mahali nilisema moyoni, atakuwa hapa. Sikumlaumu Mhoja hata kidogo kwa kuondoka. Mtu aliyezoea kuku na uzio wa minyaa, akionyeshwa meli na gari moshi, atarudi kufanya nini? Nilichoogopa ni kwamba ametusahau. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi Zuhura aliponipa vitumbua viwili nilikula kimoja, kingine nikakifunga kwenye pindo la nguo yangu. Jioni nilikuwa nakila mwenyewe, kwa huzuni, nikisema basi kesho.

Siku ya tano choo kikawa tayari. Baba alinawa, akavaa kanzu yake moja, akaenda kwa mvuvi aliyekuwa akikaa nyuma ya nyumba ya Bibi Zuhura kuomba mtumbwi mdogo kwa alasiri moja. Baba alikuwa amemsaidia kuvuta nyavu ufukweni alfajiri mbili, kabla ya kuchimba.

"Na nani atapiga kafi?" mvuvi akauliza. "Mimi nakwenda kulala."

"Mke wangu."

Mvuvi akamtazama baba, akamtazama mama, akacheka. Mama aliichukua ile kafi mkononi mwa mvuvi, akaipima uzito, akausukuma mtumbwi majini akiwa amefunga kanga juu ya magoti, na alipoingia haukuyumba. Mvuvi akaacha kucheka. Baba aliingia kwa kutambaa, akakaa katikati, ameshika mbao za pande zote mbili. Mimi nilikaa mbele.

Siwezi kuisimulia vizuri saa ile ya kwanza. Mama alitupitisha kati ya yale mawe yaliyosimama majini, karibu mpaka nikayagusa kwa mkono, nayo yalikuwa na joto la jua. Alijua maji yanakwenda wapi kabla hayajakwenda. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, kafi inaingia na kutoka bila kelele, na kutoka ziwani mji ulionekana umewekwa pale kwa ajili yetu, mapaa yake, minara, moshi wa gari moshi. Baba alisahau kuogopa. Alikuwa amegeuka kabisa, ameupa mji kisogo, anamwangalia mama.

Kisha mama akauingiza mtumbwi kwenye mdomo wa ule mto. Tukapanda polepole katikati ya kuta za nyuma za nyumba, tukipita wanawake wanaofua, mabata, nguo zilizoanikwa, mtu anayenyoa ndevu dirishani akaacha kunyoa kututazama. Tulipofika chini ya daraja kulikuwa na kivuli na ubaridi, na miguu ya watu ilisikika juu yetu. Mama akashika jiwe, tukatulia.

"Kabula," akasema, "mmegee baba yako kitumbua ulichofunga hapo. Amefanya kazi."

"Hiki si changu."

"Cha nani?"

"Cha Mhoja."

Walitazamana. Nikaona nimekosea, nikaeleza upesi. "Bibi alisema amekwenda safari ng'ambo ya maji. Tumeshavuka maji, mama, lakini hatumtafuti vizuri. Tunaangalia tu."

Mama aliliachia jiwe. Mtumbwi ukaanza kurudi nyuma wenyewe, ukichukuliwa na mto. Akaweka kafi magotini, akanivuta kumpita baba mpaka nikawa nimekaa mbele yake, tunatazamana.

"Mhoja amekufa, Kabula. Ile homa ilimwua. Alifia mikononi mwangu, na tumemzika nyuma ya nyumba, kando ya minyaa. Hayuko mjini. Bibi alisema vile kwa sababu kusema kweli kulimshinda. Na mimi nilinyamaza kwa sababu kulinishinda."

"Atatoka lini?"

"Hatatoka, mwanangu."

Nilikuwa bado sijalia, bado naligeuza neno lile, nilipomsikia baba nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Kabula. Mimi niliambiwa mapema."

Mama akainua kichwa. "Mapema lini?"

"Mjumbe alinikuta mtoto yu hai. Siku mbili kabla."

"Ukafanya nini?"

"Nikachimba." Akashika tena mbao za mtumbwi. "Tulikuwa tumefika penye mwamba wa dhahabu. Nikadhani ni homa ya kawaida, itapita. Nikasema nitakwenda nikiwa na kitu mkononi."

"Sikutaka kitu mkononi," mama akasema.

"Najua."

"Nilitaka wewe."

"Najua."

Mto ulikuwa umeshatutoa kwenye kivuli, umetuelekeza ziwani kinyumenyume. Mama alimnyooshea baba kafi. "Piga wewe. Mikono yangu imechoka." Haikuwa imechoka. Alivuta kanga akajifunika uso, na chini ya kanga ile akalia, kwa sauti, kilio ambacho nyumbani hatukukisikia hata siku moja. Nami nikalia, nimeshika goti lake. Baba, maskini, hakuwa ameshika kafi maisha yake yote. Alichota maji upande mmoja tu, mtumbwi ukazunguka, ukazunguka tena, watoto waliokuwa wakioga kwenye mawe wakaanza kutuzomea. Alikuwa analia na yeye, machozi yanaingia kwenye ndevu, lakini hakuacha kupiga. Tulizunguka mara ngapi sijui. Mwishowe sauti ikatoka ndani ya kanga.

"Upande wa pili, Baba Kabula. Unatuzungusha."

Akabadili upande. Tukaenda.

Miaka mingi baadaye, mama alipokuwa mzee na mimi mke wa watu, ndipo aliponiambia jambo ambalo bibi alilijua tangu mwanzo. Alikuwa amefunga vyake vyote. Alikubali safari ile kwa sababu Mwanza kulikuwa na mashua za kwenda Kome, na alikusudia kupanda moja na asirudi. Na kweli nakumbuka kwamba kesho yake asubuhi tuliagana na Bibi Zuhura, tukashuka ufukweni, na mama akaweka mzigo wake mchangani karibu na mashua moja, akasema na nahodha kwa Kizinza. Baba alisimama mbali kidogo. Hakumzuia, wala hakumwita. Nadhani alikuwa amekwisha kujua.

Mama alimgeukia. "Ukienda tena machimboni, nikikutumia mtu, utakuja?"

"Nitakuja."

"Siku ile ile?"

"Saa ile ile."

Akamwangalia mpaka nikachoka kusimama. Kisha akamwambia nahodha amfikishie babu salamu, amwambie binti yake mzima, na atakuja kumwona na mume wake mvua zijazo. Akainama, akaupandisha mzigo kichwani. "Twende nyumbani," akasema. "Kabula hajaonyeshwa alipolala mdogo wake."

Sitasema kwamba kila kitu kilinyooka siku ile. Mama alikuwa na siku zake za kunyamaza hata baadaye, na baba alijifunza kuzivumilia bila kukarabati uzio. Alirudi machimboni, kwa sababu tulihitaji kula. Mwaka uliofuata surua ilinikamata, mama akamtuma mtu alfajiri, na jua lilikuwa bado halijazama baba alipoingia mlangoni, matope mpaka mapajani, hana hata jembe lake. Alikaa kando yangu siku tisa. Lakini hapo nimetangulia.

Siku tuliyofika kutoka Mwanza mama hakuingia hata ndani. Alimpa bibi mzigo, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Baba alitufuata. Kando ya minyaa palikuwa na kijilima kifupi cha udongo, kifupi kuliko mimi, na majani yalikuwa yameota juu yake wakati wa safari yetu. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikifukuza kuku.

"Msalimie," mama akasema.

"Mhoja, hujambo," nikasema.

Baba alipiga magoti akaanza kung'oa majani. Nilingoja. Halafu nikaona si adabu mtu atoke safari asitoe habari, basi nikakaa chini nikamweleza. Nilimweleza habari za mawe yaliyopandana, na ndege walioko juu yake. Nilimweleza gari moshi linavyopumua likisimama, na meli, na yule Mhindi mwenye miwani, na choo cha Bibi Zuhura. Nilipokosa neno nilionyesha kwa mikono. Nilipomaliza baba alikuwa bado anang'oa majani.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Hujamwambia habari za lile daraja." Akaketi karibu yangu, akanyoosha miguu yake yenye vumbi la siku nne, na akaanza kumsimulia yeye mwenyewe.